Hatakuja, Atakuja: Niliyojifunza Mbele ya Maikrofoni

Jioni hiyo mgeni wangu alipata udhuru dakika za mwisho. Nilikuwa na kipindi cha mazungumzo cha moja kwa moja, saa moja kila wiki, na niliona ni heshima kuwaambia wasikilizaji mapema ili asiyetaka kunisikia peke yangu aende zake. Nilikuwa nimesikitika, kwa hiyo nilishusha sauti, nikatua kidogo katikati ya sentensi: "Mgeni wetu... hatakuja leo." Kisha nikaingia kwenye mada.

Ujumbe ukaanza kumiminika. "Tunamsubiri kwa hamu." "Anaingia saa ngapi?" "Bado tu?" Nilidhani ni watu waliochelewa kujiunga, nikarudia maelezo mara mbili, kwa upole uleule. Wakazidi kuuliza. Tulipofunga matangazo nilivaa hedifoni, nikatafuta sehemu ile kwenye rekodi. Sauti yangu mwenyewe ilisema, wazi kabisa: "Mgeni wetu... atakuja leo."

Nilirudisha mara nne nikidhani masikio yamechoka. H haikuwepo.

Kwa lugha nyingine pengine hilo lingekuwa dosari ndogo. Kwa Kiswahili, kwenye neno kama hili, pumzi ile nyepesi mwanzoni ndiyo inayobeba ukanushi wote. Hatakuja, atakuja. Hatalipa, atalipa. Hatapona, atapona. Nilikuwa nimewadanganya watu saa nzima bila kujua, na aliyedanganya hakuwa ulimi wangu.

Wiki hiyohiyo msikilizaji mmoja anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia aliniandikia. Alisema ananifuatilia kwa miezi kadhaa, ila maneno yangu "yamekatwa mikia", na kwamba hutumia nguvu nyingi kukisia mwisho wa kila sentensi hadi kichwa kinamuuma. Hakulalamika, aliniomba tu niangalie. Niliona aibu, kwa sababu mimi nilikuwa na mwaka mzima hewani na sikuwahi kukaa chini nikasikiliza kipindi changu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikaanza kumtafuta mwizi wa ile h.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa geti la kelele. Hiki ni kichujio kwenye programu ya kurushia matangazo: sauti ikishuka chini ya kizingiti ulichoweka, geti linafunga na kimya kinatawala, ikipanda, linafungua. Kizingiti changu kilikuwa juu mno. Nilipotua baada ya "wetu", geti likafunga. Nilipotamka "ha", kilichotangulia kilikuwa hewa tupu, maana h haitikisi nyuzi za koo, na hewa hiyo ilikuwa hafifu kuliko kizingiti. Geti lilifunguka irabu ilipofika. H ilikuwa imebaki nje.

Mikia iliyokatwa ilitokana na geti hilohilo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hushuka yenyewe, na mwisho wa sentensi hushuka zaidi. Geti langu lilikuwa linafunga kabla haijatoka yote. "Yuko nyumbani" ilifika kwa watu kama "yuko nyumba". Ukiwa na masikio mazima unajazia bila kujijua. Yule aliyeniandikia alikuwa anajazia kwa jasho.

Ningeweza kuishia hapo: nishushe kizingiti, basi. Nilikishusha, na papo hapo nikasikia sababu iliyonifanya nikipandishe siku za mwanzo. Feni ya kompyuta. Ilikuwa inavuma nyuma ya kila neno kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Geti lilikuwa pazia tu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kelele ambayo sikuwahi kuishughulikia. Na kelele ile ilikuwa kubwa kwa sababu nilikuwa nimepandisha geini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maikrofoni, karibu hadi mwisho. Na geini niliipandisha kwa sababu sauti yangu ilifika hafifu. Na ilifika hafifu kwa sababu maikrofoni ilisimama katikati ya meza, karibu sentimita 80 kutoka mdomoni, mahali ilipopendeza kwenye picha.

Kwa hiyo nilikuwa nimepandisha geini kuficha umbali, nikaweka geti kuficha geini, na geti likaniibia h. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie kichujio gani, swali langu la kwanza ni moja: maikrofoni iko umbali gani kutoka kinywani mwako?

Nilifanya jaribio ambalo namwomba kila anayeingia laivu alifanye mara moja maishani. Soma sentensi moja kwa sauti yako ya kawaida ukiwa sentimita 80 kutoka kwenye maikrofoni. Isome tena ukiwa 40, kisha 20, kisha 10. Halafu kwenye programu ya kuhariri, zilinganishe zote nne ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, uzisikilize mfululizo. Katika ya kwanza nilisikia chumba chenye mtu ndani yake. Katika ya mwisho nilisikia mtu. Feni ilikuwa ileile, kuta zilikuwa zilezile, na sikugusa kitufe chochote isipokuwa cha kusawazisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 hivi, ilhali mvumo wa feni na mwangwi wa chumba hubaki karibu palepale. Kutoka 80 hadi 10 ni nusu mara tatu. Hizo ni desibeli 18 za usafi nilizopata kwa kusogeza stendi, na hakuna kichujio ninachokijua kinachoweza kukupa kiasi hicho bila kuchukua kitu kutoka kwenye maneno yako.

Kwa nini sikuisikia feni mwaka mzima? Hili lilinisumbua kuliko yote. Nilikaa chumba kimoja nayo kila siku. Jibu ni kwamba ubongo ulikuwa umeshaifuta. Tuna masikio mawili na kichwa kinachochagua: mtu akizungumza mbele yako katikati ya zogo, unamsikia yeye na zogo linarudi nyuma. Maikrofoni haichagui. Inachukua mawimbi yote yanayoifikia na kuyapeleka yalivyo, na msikilizaji anayapokea yakiwa yamebanwa katika spika moja ndogo ya simu, bila mwelekeo wa kumsaidia kutenganisha. Ndiyo maana chumba ambacho wewe unakiona kimya kinaweza kuwa na vurugu kwa anayekusikiliza. Sasa kabla ya kipindi hurekodi dakika moja ya kimya, naipandisha sauti, naisikiliza kwa hedifoni. Hapo ndipo nilipoigundua friji ya chumba cha pili, saa ya ukutani, na kiti changu mwenyewe kinacholia nikiegemea.

Kusogea karibu kulileta matatizo yake, na sikuyatarajia. Lugha yetu imejaa p na b. Ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni, kila p ni kofi la upepo. Nilijitungia sentensi ya kupimia, nayo ninaitumia hadi leo: "Pembeni pa pango pana panzi." Mara ya kwanza niliposikiliza, mshale wa kipimo uliruka kila neno na spika ilitoa mipigo kama mtu anayepiga godoro kwa ngumi.

Kitambaa cha kuzuia pumzi kilisaidia, hasa nilipokiweka vidole vitatu au vinne mbele ya maikrofoni badala ya kukigandisha juu yake. Lakini dawa yenyewe ilikuwa pembe. Pumzi ya p huenda moja kwa moja mbele ya midomo, kama mkuki. Sauti husambaa pande zote. Nilihamisha maikrofoni ikakaa pembeni kidogo ya mdomo, ikinitazama kwa mshazari wa digrii 30 hadi 45. Upepo ukapita kando yake, sauti ikabaki. Hilo lilipunguza pia ukali wa s na sh, ambao hukusanyika kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 hivi na 8,000 na humchosha msikilizaji wa hedifoni haraka kuliko kitu kingine.

Jambo la pili la ukaribu ni unene. Maikrofoni zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Mwanzoni nilifurahi, nikajisikia kama mtangazaji wa redio ya usiku. Kisha nikasikiliza kwenye simu: maneno yalikuwa yamefunikwa, kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Spika ya simu haitoi besi hiyo, lakini besi ilikuwa imeshakula nafasi yote ya kipimo na kuisukuma kompresa, kichujio kinachoshusha sauti ikizidi ukubwa fulani, ishushe kila kitu, pamoja na konsonanti zinazobeba maana. Nilirudi nyuma hadi sentimita 15 na nikawasha kichujio cha kukata chini ya hezi 80. Malori barabarani, kugonga meza, mvumo wa kiyoyozi, vyote vilipungua kwa pamoja, na sauti yangu haikupoteza kitu.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi. Kabla ya kisa cha h, niliamini kabisa kwamba tatizo ni maikrofoni yangu ndogo ya USB. Nikaazima kondensa ya studio, ile kubwa inayohitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Niliiweka palepale katikati ya meza. Feni sasa ilisikika kwa uzuri wa ajabu.

Watu wengi husema kondensa inasikia chumba kuliko dainamiki, ile aina isiyohitaji umeme huo. Mimi naona maneno hayo yanachanganya mambo. Ukiziweka zote mbili umbali mmoja, zenye mwelekeo mmoja, na kusawazisha ukubwa wa sauti, tofauti ya chumba ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kinachotokea ni kwamba dainamiki humlazimisha mtu asogee, kwa sababu ni hafifu. Ukikaa mbali nayo husikiki. Kondensa inakusamehe, nawe unakaa mbali, na chumba kinaingia. Kwa anayetangaza kutoka chumba cha kawaida ningependekeza dainamiki kwa sababu hiyo ya kumfundisha adabu ya kusogea. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na kuzoeleka mikononi mwa waimbaji jukwaani, bado inafanya kazi nzuri kabisa ya mazungumzo. Electro-Voice RE20 ina muundo unaopunguza ule unene wa ukaribu, ndiyo maana studio za redio zinaipenda: mtangazaji akisogea mbele na nyuma, sauti haibadiliki sana. Shure SM7B, inayoonekana kila mahali siku hizi, inahitaji geini ya desibeli 60 hivi, na kadi ndogo za sauti nyingi zikifika huko zinatoa zenyewe mchakarisho. Kabla ya kuinunua, angalia kama kadi yako inaweza kuibeba.

Soma pia mchoro wa mwelekeo kwenye karatasi ya maikrofoni yako. Yenye mchoro wa umbo la moyo huziba masikio mgongoni, digrii 180. Ile iliyobanwa zaidi, inayoitwa superkadioidi, huziba vizuri zaidi kwenye digrii 126 hivi kila upande, na mgongoni husikia kidogo. Maana yake kompyuta yenye feni ikae nyuma ya ya kwanza, lakini ikae nyuma kwa mshazari kwa ya pili. Niliisogeza kompyuta kwa hatua moja tu na tofauti ilisikika.

Hakikisha vilevile unaongea kwenye uso wake. Kuna maikrofoni zinazosikiliza kwa kichwa na zinazosikiliza kwa ubavu. Mgeni wangu mmoja, mtu mwenye maarifa mengi na sauti nzuri, aliongea kipindi kizima akielekeza mdomo kwenye kichwa cha maikrofoni inayosikiliza kwa ubavu. Alifika kwa watu kama anaongea kutoka varandani. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye mwenyeji, na mazungumzo yale hayawezi kurudiwa.

Chumba nacho nilikishughulikia kwa kukosea kwanza. Nilibandika sponji nyembamba ukutani nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana kwenye picha za studio. Mwangwi ulibaki, isipokuwa sauti ilipoteza mng'ao. Sponji ya sentimita 2 au 3 hunyonya masafa ya juu tu; wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi na linapita hapo kama halikuona kitu. Kisha maikrofoni yenye umbo la moyo inanitazama mimi, kwa hiyo ukuta inaousikia zaidi ni ule ulio nyuma ya mgongo wangu. Huko ndiko nilikotundika blanketi mbili nzito, zikiwa zimeachana na ukuta kama kiganja kimoja. Nikafungua kabati la nguo. Nikatandika kitambaa kinene mezani, maana meza tupu hurudisha sauti kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo tu, na hiyo huipa sauti ule mlio wa kopo. Nilipopiga kofi katikati ya chumba, ule mlio wa "ting" uliokuwa ukifuata ulikuwa umekufa.

Baada ya yote hayo ndipo nilipovigusa vichujio, na sasa vilikuwa na kazi ndogo.

Geini niliipanga kwa kucheka. Watu wengi hupima kwa kusema "moja mbili tatu" kwa sauti ya kusoma, kisha kipindi kikichangamka wanacheka na sauti inapasuka. Sauti ya kidijitali ikigonga sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo, hupasuka papo hapo, na katika matangazo ya moja kwa moja hakuna kurudi nyuma kuirekebisha. Ninaongea kama ninavyoongea nikiwa nimekolea, ninacheka, ninapaza, na ninahakikisha vilele vinaangukia kati ya desibeli -12 na -6. Nafasi iliyobaki juu ni ya mambo nisiyoyatarajia.

Mpangilio wangu ni huu: kukata besi chini ya hezi 80, halafu ekspanda, halafu kompresa, na mwisho kabisa limita, inayozuia vilele visivuke, kwenye desibeli -1 au -2. Ekspanda ndiyo iliyochukua nafasi ya geti. Haifungi mlango, hushusha tu kwa upole kile kilicho chini ya kizingiti, kwa uwiano wa 2 kwa 1, na nimeipa muda mrefu wa kuachia ili silabi za mwisho zitoke kwa raha. Inakaa kabla ya kompresa kwa sababu kompresa hupunguza tofauti kati ya kikubwa na kidogo, na kelele ni moja ya vidogo vinavyopandishwa. Kompresa nimeiweka 3 kwa 1, ishushe desibeli 3 hadi 6 ninapoongea kwa nguvu. Ikizidi hapo, kila pumzi ninayovuta inasikika kama mtu anayepanda mlima.

Vichujio vipya vya kupunguza kelele vinavyotumia akili mnemba vinafanya maajabu, na mimi navitumia nikiwa nje ya chumba changu. Lakini navisikiliza kwa tahadhari moja. Kwa kichujio kama hicho, h inafanana sana na pumzi au upepo. Nimeikuta imefutwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ninapima kwa sentensi zenye h mwanzoni baada ya kimya: "Hatakuja. Hatalipa. Hatafika." Nikisikia "atakuja" nakipunguza nguvu au nakizima, hata kama feni itarudi kidogo. Afadhali msikilizaji asikie feni kuliko asikie kinyume cha nilichosema.

Ukubwa wa jumla naupima kwa LUFS, mizani inayokadiria jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti kwa muda mrefu. Vituo vya televisheni na redio vya Ulaya hufuata -23, kwa mwongozo wa R 128 wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya (EBU) wa mwaka 2010. Kwa mazungumzo ya mtandaoni mimi hulenga -16 hivi. Wasikilizaji waliacha kuniambia niongeze sauti.

Kuna makosa mengine nitayapitia haraka. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo yenye plagi ya pete mbili nyeusi haitambuliki na simu inayotarajia pete tatu. Simu inanyamaza na kutumia maikrofoni yake ya ndani. Nilitangaza hivyo mara moja, nikiwa nimebana kifaa kifuani na simu iko mita mbili. Sasa kila mara nakwaruza maikrofoni kwa ukucha kabla ya kwenda hewani na kuangalia kipimo: kisiporuka, siyo hiyo inayosikiliza. Mvumo wa hezi 50, au 60 kwa nchi zinazotumia umeme wa masafa hayo, mara nyingi ukiondoa chaja ya kompyuta nao unaondoka. Ukiondoka, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Programu na kadi ya sauti zote ziwe kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, vinginevyo utasikia milio ya "tik tik" au sauti itaanza kuachana na picha polepole. Na mkiwa wawili, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe mara tatu ya umbali wa kila mmoja kutoka mdomoni kwake, la sivyo kila mmoja anaingia kwa mwenzake na sauti zote zinakuwa nyembamba.

Wageni wa mbali ndio mtihani unaobaki. Mtu anakuja na hedifoni za Bluetooth akiamini ni bora kwa kuwa hazina waya. Kusikiliza muziki ni nzuri. Lakini anapofungua maikrofoni yake, mara nyingi zinahamia kwenye hali ya simu, ambapo sampuli hushuka hadi 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Kwa 8,000, kila kilicho juu ya hezi 4,000 kinapotea, na huko juu ndiko s, f na th zinakotofautiana. Ninamwomba atumie hedifoni za kawaida za waya zenye maikrofoni, akae chumba chenye kitanda au makochi, azime feni kwa muda wa kipindi, na akate ile huduma ya kujipandisha sauti yenyewe kwenye programu ya mkutano, inayopandisha kelele kila anaponyamaza. Wengine hukubali kwa furaha. Wengine huona ninawasumbua, na nimejifunza kuwaambia mapema, siku moja kabla, nikiwaeleza kwamba wanachokuja kusema ni cha thamani na sitaki kipotee njiani. Nikisema hivyo, hakuna aliyewahi kukataa.

Yule aliyeniandikia kuhusu mikia ya maneno bado yupo. Nilipomaliza mabadiliko nilimtumia rekodi mbili, ya zamani na mpya, nikamwuliza anasikia nini. Alinijibu kwa orodha ya maneno kumi na mawili ambayo bado yalimsumbua, mengi yakiwa ninapogeuza kichwa kusoma kwenye karatasi upande wa kushoto. Sikuwa nimeligundua hilo. Nilihamisha karatasi nyuma ya maikrofoni, kimo cha macho.

Sasa kila wiki, dakika kumi kabla ya kuanza, mwenzangu anakwenda chumba cha mwisho na simu yake, anafunga mlango, anafungua matangazo ya majaribio kama msikilizaji yeyote. Mimi nasoma habari za panzi na pango, nacheka kidogo, nanyamaza sekunde tano, kisha nasema moja kati ya maneno mawili, hatakuja au atakuja, bila kumwambia ni lipi. Matangazo hufika kwake yamechelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo nasubiri. Yeye hunitumia neno alilosikia. Likilingana, tunaingia hewani.